Sukuma Wiki ya Nyumbani: Ipande Mbali na Mwalo



Mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa miaka miwili, viganja vimepauka. Nilipomwuliza kama mtoto anakula mboga za majani, alijibu kwa furaha: “Kila siku, mama. Bustani yangu iko kando ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Maji hayakauki hata kiangazi.” Mama huyu alikuwa na bidii, ila mahali alipolima palikuwa pabaya. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze kulima sukuma wiki kwa usalama.

1. Faida yake
Sukuma wiki ina vitamini A inayolinda macho, vitamini C, chokaa ya kujenga mifupa, na foliki asidi ambayo mama mjamzito anaihitaji sana. Ina pia madini ya chuma, lakini si mengi. Mtoto aliyepauka asitibiwe kwa mboga peke yake. Aletwe hospitali apimwe damu, malaria na minyoo.

2. Mahali pa kupanda
Wachimbaji wadogo wengi wa Geita, Kahama na kwingineko hukamatia dhahabu kwa zebaki. Ikichomwa hugeuka mvuke, ikachukuliwa na upepo, kisha ikatua juu ya udongo na majani. Sumu hii hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini kazi ya kulinda chungu chetu ni yetu pia.

Basi tukumbuke:
- Tusilime karibu na mwalo, makarasha, au mahali pa kuchomea dhahabu.
- Tusitumie udongo wa marudio, wala maji ya madimbwi ya kuchenjulia.
- Tusipande katika mifuko iliyobeba mawe ya dhahabu au dawa.

Kuosha majani huondoa vumbi tu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Kama huna eneo salama, jaza mfuko safi wa salfeti udongo mzuri uliochanganywa na samadi. Katikati weka mawe madogo ya kupitishia maji. Toboa matundu ubavuni, upande miche humo na juu.

3. Kuotesha na kutunza
Sia mbegu kitaluni kwa mistari, zifukie kidogo tu, kina cha sentimita 1. Funika kwa nyasi. Zikianza kuota, ziondoe na weka kichanja cha kivuli. Baada ya wiki 4 hadi 5, miche ikiwa na majani manne au matano, ihamishe jioni. Shambani acha nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche.

Kwetu samadi ya ng’ombe si haba, lakini iwe imeoza vizuri. Ile mbichi huunguza mizizi. Kiangazi, funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Mwagilia asubuhi au jioni. Vidukari hukaa chini ya majani: viponde kwa vidole au nyunyizia maji yenye sabuni kidogo. Ukitumia dawa ya dukani, usichume kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kopo kwisha.

4. Kuchuma
Anza kuchuma wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamisha miche. Chuma majani ya chini yaliyokomaa, ukiyavunja kwenye shina. Acha majani manne au matano ya juu pamoja na kile kichwa. Ukikikata, mmea hudumaa. Ukichuma kila wiki kwa kiasi, mmea utakulisha miezi kadhaa.

5. Kupika
Osha majani kabla ya kukata, siyo baada, maana vitamini huondoka na maji. Pika muda mfupi, kwa mafuta kidogo au karanga, ili mwili uweze kuchukua vitamini A. Ongeza nyanya au ndimu: husaidia mwili kupata chuma. Dagaa nao ni rafiki mwema wa mboga hii. Chai ya majani isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma.

Yule mama alihamisha bustani yake nyuma ya nyumba ya mkwewe, mbali na mwalo, akamwagilia kwa maji ya kisima. Majani yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, lakini aliwalisha watoto bila hofu.

Maswali ya kujadili katika familia na Jumuiya
1. Mboga tunazonunua sokoni zinalimwa wapi, na kwa maji gani?
2. Je, kuna anayechoma dhahabu nyumbani au jikoni? Tumsaidieje kuacha?
3. Nani kati yetu ana kisima au uwanja salama ambao jirani angeweza kulima?