PAKA NAYE ANA KIIMBO

Wanachama wenzangu, tangu shule ya msingi tumekariri: mbwa hubweka, jogoo huwika, paka hulia nyau. Ukiandika hivyo katika mtihani unapata alama yako na mambo yanaishia hapo. Lakini hiyo alama ya paka, naona kama tulipewa bure.

Mwaka wa 1944 Mmarekani mmoja, Mildred Moelk, alichapisha uchunguzi wake wa sauti za paka wa nyumbani. Alitambua milio 16, akaigawa katika mafungu matatu kwa kuangalia mdomo. Kuna ile ya mdomo uliofumbwa, kama mkoromo laini wa paka aliyejikunja mapajani. Kuna ya mdomo unaofunguka kisha ukafumba polepole, na humo ndimo nyau ilimo. Halafu kuna ya mdomo ulioachwa wazi kwa nguvu, ile ya ugomvi ambayo hutuamsha usiku wa manane tukadhani ni mtoto analia.

Jambo lililonishangaza ni kwamba paka wakubwa ni nadra kuambiana nyau. Mtoto wa paka humlilia mama yake hivyo, kisha akikua huiacha kwa paka wenzake akabaki nayo kwa ajili ya binadamu. Kumbe ni lugha yetu sisi! Na ameitengeneza itupendeze. Mwaka wa 2004 mtafiti Nicholas Nicastro alilinganisha nyau ya paka wa nyumbani na ya paka-mwitu wa Afrika, ambaye ni wa ukoo uliomzaa huyu wetu. Ya nyumbani ilikuwa fupi na nyembamba zaidi, na watu waliosikilizishwa waliiona ina utamu kuliko ile ya mwituni.

Sasa tuje kwenye somo letu. Sote tunajua tofauti ya "Baba amekuja." na "Baba amekuja?" Maneno ni yale yale, kiimbo ndicho kimebadilika. Susanne Schötz, mtaalamu wa fonetiki katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alirekodi paka wakiomba chakula na paka wakisubiri kwa daktari wa mifugo. Nyau ya chakula aghalabu ilipanda mwishoni. Ya wale wenye wasiwasi kwa daktari aghalabu ilishuka.

Hata mkoromo una ujanja wake. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha mwaka wa 2009 kwamba paka akitaka chakula huchanganya ndani ya mkoromo kilio chembamba kinachokaribia cha mtoto mchanga. Ndiyo maana unaamka kumlisha huku ukinung'unika.

Mimi kiimbo hiki nilikijua nikiwa nimechelewa. Nyumbani tulikuwa na dume mmoja wa rangi ya majivu. Jioni moja alianza kulia nyau ndefu, nzito, zinazoshuka, huku akichutama mchangani kila mara. Mama akasema, "Huyo ana njaa tu, mpe omena." Nikampa. Hakugusa. Kesho yake akalia tena, nami nikamfukuza nje kwa ufagio kwa sababu nilikuwa nikisoma. Siku ya tatu nilimkuta amekufa nyuma ya gunia la makaa.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, huweza kuzibwa na chembe kama mchanga, na ikizibika kabisa mnyama hufa kwa siku chache. Dume akichutama tena na tena bila kutoa mkojo huku analia, ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Si njaa hiyo.

Zoezi: yule paka wa jikoni hapa shuleni hulia mpishi anapofungua mlango, na hulia tena anapofungiwa stoo. Sikiliza mara zote mbili, kisha uchore kiimbo kwa mishale, kama tunavyofanya na sentensi. Tutalinganisha michoro katika mkutano wa chama.