KASWENDE: KIDONDA KISICHOUMA

Katika toleo hili tunazungumza juu ya kaswende. Wengi huichanganya na kisonono. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida husikia moto anapokojoa na kutoa usaha, kwa hiyo hukimbilia zahanati. Kaswende haina haraka hiyo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kijidudu chake ni chembamba, kimejisokota kama springi. Wataalamu walikiona kwa darubini mwaka 1905 huko Berlin. Nje ya mwili hufa upesi, hivyo huwezi kupata kaswende chooni, bombani wala kwa kula sahani moja. Huingia wakati wa kujamiiana. Baada ya wiki 3 hivi hutokea kidonda kigumu kisichouma. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani, asikione. Baada ya wiki chache hupona chenyewe, na aliyekunywa mizizi atasema mizizi imemponya. Sivyo: ugonjwa umeingia katika damu. Baadaye huja vipele, mara nyingi mpaka viganjani na nyayoni, navyo hupotea. Kisha kimya, pengine miaka 10 au 20, ndipo kwa baadhi ya watu moyo au ubongo huharibika.

Kimya hicho hakimlindi mtoto aliye tumboni. Vijidudu hupita kwenye kondo la nyuma, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa mfu, au akaonekana mzima na kuugua baadaye. Dada, usingoje miezi 7 ndipo uende kliniki. Tone la damu ya kidole latosha kupima. Sindano ya penisilini ikitolewa mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kujifungua, humtibu mama na mtoto pamoja.

Kwa nini sindano, si kapsuli za sokoni? Kijidudu hiki hujigawa polepole, mara moja katika saa 30 hivi, na penisilini hukiua kinapojenga ukuta wake. Kwa hiyo dawa lazima ikae mwilini siku nyingi. Benzathini, ile sindano inayouma matakoni, hukaa wiki 2 au zaidi. Kapsuli 4 za kununua hazifiki huko. Ugonjwa wa karibuni hutibiwa siku moja tu, wa zamani wiki 3 mfululizo. Usiku wa sindano unaweza kupata homa na kutetemeka. Ni vijidudu vinavyokufa, na huisha kwa siku moja. Mjamzito akisikia tumbo linakaza, arudi zahanati.

Sasa akina baba. Mama anatibiwa, mumewe anakataa kuja kwa kuwa hana kidonda, na baada ya miezi michache mama ameambukizwa upya, maana kuugua mara moja hakumkingi mtu. Baba, kupimwa si kukiri kosa. Huenda ulikuwa nayo kabla ya kuoa, hata kabla ya kukimbia nyumbani.

Kama uliwahi kutibiwa, mwambie muuguzi, kwa sababu kipimo cha kidole huweza kuonyesha kaswende hata baada ya kupona. Mje wawili, na kadi ya kliniki.