SOMO LA AFYA: MBEGU ZA UZAZI ZA MWANAMUME



Ushirika katika nchi yetu ya Songea una umri mkubwa, kwani Chama Kikuu cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku. Mkulima wetu amejifunza mengi juu ya mbegu za shambani, lakini juu ya mbegu iliyomo mwilini mwake ajua machache. Kwa sababu hiyo wanawake wameitwa tasa, hata kuachwa, kabla ya waume zao kupimwa.

1. Viungo na kazi zake

Korodani ni mbili, nazo hukaa katika mfuko wa ngozi nje ya tumbo. Sababu yake ni joto. Mwili una joto la nyuzi 37 hivi, na mbegu hazitengenezwi vema ila katika joto lililopungua kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana mfuko huo hunywea wakati wa baridi na kulegea wakati wa joto.

Korodani zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mbegu ndani ya vijirija vyembamba. Ya pili ni kutoa homoni iletayo ndevu, sauti nzito na ashiki. Hiyo hutoka katika chembe zilizo baina ya vijirija hivyo.

Mbegu hukomaa katika mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, kisha hupanda kwa mrija mwingine hadi karibu na kibofu. Hapo huchanganyika na majimaji ya vifuko vya manii na ya tezi dume, na yote hutoka kwa njia ya mkojo. Tangu mbegu kuanza kutengenezwa hadi kukomaa hupita miezi 3 hivi.

2. Nguvu si uzazi

Sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi. Mbegu zenyewe hazifiki sehemu moja ya kumi. Basi mtu aweza kuwa na nguvu kamili na manii ya kutosha, yasiwe na mbegu hata moja. Jicho halitambui jambo hilo, ila hadubini.

3. Funzo kutoka Lathrop

Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha Lathrop, California, nchini Marekani, wafanyakazi waliotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi ya mimea, walitambua kuwa hawapati tena watoto. Walipopimwa, wengi walionekana kuwa na mbegu chache mno au kutokuwa nazo kabisa, ingawa nguvu zao zilikuwa vilevile. Mwaka 1979 karibu matumizi yote ya dawa hiyo yalipigwa marufuku nchini humo. Baadhi yao walirudiwa na mbegu baada ya kuepukana nayo, wengine hawakurudiwa.

Si kila dawa ya shambani ina madhara hayo, lakini hakuna dawa ya kuchezewa. Kwa hiyo:

(a) Soma maelezo ya dawa kabla ya kuichanganya, na uvae glavu, buti na nguo ndefu.
(b) Usipulize ukiuelekea upepo, wala usizibue bomba kwa mdomo.
(c) Oga mara umalizapo kazi, na nguo hizo zifuliwe peke yake.
(d) Kopo la dawa lisitumiwe kuchotea maji.

Mbegu hudhuriwa pia na sigara, na kisonono kisichotibiwa chaweza kuziba mirija.

4. Wajibu wa mume

Wataalamu wakadiria kuwa katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa watoto, mume ana sehemu ya tatizo. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, na hakuna uzazi wa mpango unaotumiwa, mume na mke waende hospitali pamoja. Kipimo cha mume ni chepesi kuliko vingi afanyiwavyo mke, yafaa kitangulie.

Maswali ya kujadiliwa katika chama cha msingi

1. Kwa nini nguvu za mwanamume si ushahidi wa uzazi wake?
2. Ni nani apulizaye dawa katika shamba lako, naye huvaa nini?
3. Chama chetu chaweza kufanya nini ili glavu na buti zipatikane pamoja na pembejeo?