Kuhamia Nyumba Ndogo kwa Ajili ya Kuweka Akiba

Mas-ala yaliyoulizwa ni haya. Mtu wa Mombasa amepanga nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Ana mke, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 10. Ataka kuwahamishia chumba kimoja cha shilingi 6,000, wakae miaka mitatu, apate fedha za kununua kiwanja. Mkewe hataki. Je, yafaa amlazimishe?

Jawabu: kuweka akiba ni jambo jema, na hesabu yake ni sahihi, kwani shilingi 9,000 kila mwezi kwa miaka mitatu ni shilingi 324,000. Lakini kumlazimisha hakufai.

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii chakula cha mke hupimwa kwa hali ya mume: tajiri hutoa mudi mbili kwa siku, wa kati moja na nusu, na fakiri moja. Ama makao hupimwa kwa hali ya mke, yaani yawe yamfaayo mwanamke kama yeye kwa ada ya watu. Sababu yake wanavyuoni wameieleza: chakula na nguo akisha kupewa ni mali yake, aweza kubadilisha kwa kingine, lakini nyumba hana budi kukaa ndani yake. Na Imamu Nawawi katika Minhaji ametaja kuwa si sharti makao hayo yawe milki ya mume. Basi tazama: makao yamfaayo mke ni wajibu leo, na nyumba ya milki si wajibu. Vipi mtu avunje la wajibu kwa ajili ya lisilokuwa wajibu? Na huyu si fakiri aliyeshindwa na kodi; mali anayo, ataka tu kuiweka.

Mke akiridhia mwenyewe, yafaa. Lakini ridhaa hiyo haimfungi miaka mitatu, kwa kuwa haki hii huja upya siku kwa siku. Akirejea katika neno lake ana haki ya kurejea. Na ridhaa ni ile itokayo moyoni, si ya mwanamke aliyenuniwa wiki mbili.

Hata akiridhia, chumba kimoja hakiwafai watu hawa. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto watengwe malazi wafikapo miaka 10, na hawa wamekwisha kufika. Wako na wanaokimbilia nyumbani kwa ndugu ili wasilipe kodi, mke akawa hana pa kuvua mtandio mbele ya shemeji, naye shemeji ndiye Mtume aliyemfananisha na mauti.

Kuna jingine ambalo wengi hughafilika nalo. Akiba ikifika nisabu, nayo kwa fedha ni kama gramu 595, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, yapasa kutolewa zaka robo ya ushuri. Kusema "hizi ni za nyumba" hakuiondoi.

Tena mke akiuza bangili zake kusaidia ununuzi, na iandikwe siku ile ile: ni zawadi, ni deni, au ni fungu lake katika nyumba? Mume akifa ameacha watoto, na hati ina jina lake peke yake, mke hurithi thumuni tu, na bangili zake zimekwisha kuwa mawe ya ukuta wa warithi. Na mnunuzi ajue anunuacho. Kwetu Mombasa ziko nyumba nyingi zilizosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba ana kuta na mabati, na ardhi huilipia kodi.

Muulizaji nimemwambia atafute vyumba viwili vyenye ukumbi na choo chake, hata ikiwa ni Likoni na avuke kwa feri kila asubuhi. Akipata kwa shilingi 10,000 ataweka 5,000, na muda utakuwa miaka mitano na miezi mitano. Amesema ni mingi. Nimemwambia akamuulize mkewe kwanza.