Televisheni ya Intaneti: Unalipa Mara Ngapi?



Mama mmoja wa darasa letu la jioni alinunua bando la wiki nzima. Alitaka apate ujumbe wa kikundi cha wakulima wa ufuta. Usiku mjukuu wake akachukua simu, akatazama katuni. Kulipokucha, bando lote limekwisha. Ujumbe wa siku ya kupima ufuta ulitumwa asubuhi hiyo, lakini haukumfikia. Ufuta wake ukalala nyumbani.

"Mwalimu," akaniuliza, "katuni zile wanasema ni za bure. Sasa nani kala hela yangu?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

NJIA YA ZAMANI NA NJIA MPYA

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Televisheni ya hewani ni kama ngoma ya mwito. Mpigaji anapiga mara moja, kijiji kizima kinasikia. Wakitazama watu 10 au 10,000, mnara unarusha picha mara moja tu.

Televisheni ya intaneti haiko hivyo. Hii ni kama maji ya bomba la kijiji yanayouzwa kwa ndoo. Kila mtu anachotewa ndoo yake, na kila ndoo inahesabiwa. Picha zinahifadhiwa katika kompyuta kubwa, nyingine ziko nchi za mbali. Ukibonyeza simu, picha zinakatwa vipande vidogo vya sekunde chache. Vipande hivyo vinapita katika mikongo, hata chini ya bahari, mpaka kwenye mnara wa simu, halafu kwako. Mtandao ukiwa dhaifu, vipande vinachelewa. Ndipo unaona kiduara kinazunguka.

MALIPO NI YA NAMNA MBILI

Kwanza, unalipia njia. Hilo ndilo bando. Fedha hii inakwenda kwa kampuni ya simu.

Pili, kuna malipo ya picha zenyewe. Hapa kampuni hazifanani. Netflix ya Marekani, iliyoanza kupeleka filamu kwa intaneti mwaka 2007, inatoza ada kila mwezi. YouTube, iliyoanza mwaka 2005, inakuachia utazame bila ada, kwa sababu inalipwa na wenye matangazo ya biashara. Lakini angalia: tangazo nalo linakula bando lako!

Kwa hiyo, "bure" maana yake ni kwamba hukulipia picha. Njia umeilipia.

TUPIGE HESABU

Bando linapimwa kwa megabaiti (MB) na gigabaiti (GB). GB 1 ni karibu MB 1,000. Netflix inaeleza kwamba picha ya kawaida hutumia hadi GB 1 kwa saa. Picha safi sana, ile ya HD, hutumia hadi GB 3 kwa saa.

Tuseme mpira unachukua saa 2, na picha ni ya kawaida:

Saa 2 × GB 1 = GB 2.

Vijana 10 wakitazama kila mtu kwa simu yake:

10 × GB 2 = GB 20.

Wakikaa pamoja mbele ya kioo kimoja, zinatumika GB 2 tu. Umoja hapa ni akiba. Ila usitoze kiingilio, kwani ada ya nyumbani kwa kawaida hairuhusu biashara.

MAMBO YA KUFANYA

1. Punguza ubora wa picha katika simu. Kwenye kioo kidogo utaona vizuri tu.

2. Zima ile hali ya picha inayofuata kuanza yenyewe.

3. Kabla ya kumpa mtoto simu, zima data, au mpe muda maalumu.

4. Ada ya mwezi mara nyingi hujikata yenyewe kila mwezi. Kufuta programu katika simu hakusimamishi ada. Ni lazima ujiondoe.

5. Fungua mipangilio ya simu, tafuta maneno "Matumizi ya data". Hapo utasoma kila programu imekula kiasi gani.

Mama yule tulifungua naye ukurasa huo. Nilimwachia asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole juu ya kioo: GB 3, zote za katuni. Akacheka, akasema, "Kumbe mwizi ameandikwa humu humu, na mimi najua kusoma!"

Siku hizi akilala, data imezimwa.

MASWALI

1. Kwa nini televisheni ya intaneti inafananishwa na maji ya ndoo?

2. YouTube inalipwa na nani?

3. Una bando la GB 6. Ukitazama picha ya HD inayotumia GB 3 kwa saa, litakufikisha saa ngapi? Na picha ya kawaida ya GB 1 kwa saa?

Jibu katika daftari lako, kisha mjadili na jirani yako.