Namba ya Siri ya Simu: Nguvu Yake Inatoka Wapi?

Chukua nafasi moja tupu. Inaingia tarakimu moja kati ya kumi, 0 hadi 9. Ongeza nafasi ya pili: kila tarakimu ya kwanza inaweza kufuatwa na yoyote kati ya kumi, kwa hiyo namba zinafika 100. Nafasi ya tatu inazifikisha 1,000, ya nne 10,000. Wengi tumeishia hapo. Ukiongeza mbili tu, ziwe sita, zinakuwa 1,000,000, yaani mara mia ya zile za mwanzo.

Je, milioni inatosha? Inategemea kila jaribio linakula muda gani. Anayebahatisha kwa kidole hafiki mbali, maana simu humzuia akishakosea mara kadhaa. Hofu ni kizuizi hicho kikiondolewa. Mwaka 2016 FBI ya Marekani ilitaka mahakama iilazimishe Apple kutengeneza programu ya kukiondoa kwenye iPhone 5C ya mmoja wa waliofanya shambulio mjini San Bernardino. Apple ilikataa, na FBI ikaifungua simu ile kwa msaada wa watu wengine.

Kizuizi kikishaondoka, kinachobaki ni hesabu. Ndani ya iPhone, namba yako huchanganywa na ufunguo uliochomwa kwenye chipu ya simu hiyo peke yake, na mchanganyo hurudiwa tena na tena mpaka jaribio moja lichukue takriban milisekunde 80. Wewe hutahisi chochote. Anayejaribu zote ndiye anayeumia: namba 10,000 zinamalizika kwa sekunde 800, dakika 13 na ushee. Milioni moja, saa 22. Tarakimu nane, miezi mitatu. Wala hawezi kugawia kazi kompyuta elfu moja, kwa kuwa ufunguo ule hautoki ndani ya chipu. Ukichanganya herufi ndogo na tarakimu, kila nafasi ina chaguo 36. Nafasi sita zinazidi bilioni 2, na kuzimaliza ni zaidi ya miaka mitano.

Lakini hesabu yote hii ina sharti moja: namba isiwe ya kukisika. Anayetumia mwaka wa kuzaliwa anadhani ana ulinzi wa namba 10,000, kumbe kuanzia 1950 hadi 2009 ni miaka 60 tu. Chini ya sekunde tano! Na 2580 inaonekana ya ajabu mpaka utazame kioo: ni mstari wa katikati, juu hadi chini. Michoro ya kufungulia simu kwa kuunganisha nukta tisa nayo iko 389,112, pungufu ya tarakimu sita, tena mafuta ya kidole huacha alama inayoonekana ukiinamisha simu kwenye mwanga.

Mimi nashauri tarakimu nane au zaidi. Andika 0 hadi 9 kwenye vikaratasi kumi, weka bakulini, chota kimoja bila kutazama, kirudishe, chota tena. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uiweke. Kidole au uso vitakupunguzia kuiandika, ila haviwezi kushika nafasi yake: simu ikizimwa na kuwashwa upya itaidai namba, kwa sababu ufunguo wa data unatengenezwa kwa namba hiyo.