Baiskeli Bondeni na Mlimani: Kazi ya Kupanda na Hatari ya Kushuka

Mkazi wa Sinza akitaka kujifunza elimu ya milima hahitaji kusafiri mbali. Mtaa wake umelala karibu na bonde la Mto Ng'ombe, kijito kinachopita Sinza na Tandale kabla ya kuungana na Mto Msimbazi. Upande mwingine ardhi huinuka kuelekea Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwendesha baiskeli aliyekwenda kwa raha mtaani, mara aanzapo kuikabili njia ya Mlimani huona mapaja yakimuuma, pumzi zikienda mbio, na mwendo ukipungua. Barabara ni ile ile ya lami, baiskeli ni ile ile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mwinuko tu.

Makala haya yanaeleza kwa nini mwinuko mdogo humchosha mtu kuliko masafa marefu ya tambarare, gia husaidia kwa namna gani, na kwa nini kushuka, ambako hudhaniwa kuwa mapumziko, ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

Njia ifuatayo mto

Maji hayana haraka ya kupanda. Kwa maelfu ya miaka mto hukata ardhi na kujitafutia njia ya mteremko mdogo. Kwa sababu hiyo wajenzi wa barabara, tangu zama za misafara ya miguu, wamependa kufuata mabonde.

Mfano mzuri ni barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, safari ya takriban kilomita 500. Msafiri huiacha Sinza, akashika Barabara ya Morogoro pale Ubungo, akapita Kimara, Mbezi na Kibaha, akavuka Mto Ruvu, kisha Chalinze, hadi Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Hapo ameshapanda hadi karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa kuwa kimo hicho kimetawanywa katika masafa marefu, hakuhisi sana. Baada ya Mikumi barabara huingia katika bonde la Ruaha Mkuu, penye mibuyu mingi, na ndiyo asili ya jina la Ruaha Mbuyuni. Kisha bonde halifai tena kufuatwa. Mji wa Iringa uko juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na njia ya kuufikia ni kuupanda Mlima Kitonga kwa kona nyingi.

Kona hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Tuseme barabara inataka kupanda mita 500. Ikipanda mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, itakuwa na urefu wa kilomita 5. Ikipanda mita 6 kwa kila mita 100, itahitaji kilomita 8 na zaidi kidogo. Kimo ni kile kile, na kazi ya kuuinua mzigo ni ile ile. Kona huongeza urefu wa njia ili kazi hiyo igawanywe vipande vidogo vidogo.

Hesabu ya kupanda

Chukua mtu mwenye kilo 60 juu ya baiskeli nzito ya kawaida yenye kilo 20. Jumla ni kilo 80. Dunia huvuta kila kilo kwa kani ya karibu nyutoni 10, hivyo uzito wote ni nyutoni 800. Kuuinua uzito huo mita 500 ni kazi ya jouli 400,000. Mtu mwenye afya anayeweza kutoa wati 100 mfululizo, yaani jouli 100 kila sekunde, atahitaji sekunde 4,000, au dakika 67, kwa kazi ya kuinua peke yake.

Sasa mpakie magunia ya mkaa yenye jumla ya kilo 100, kama wafanyavyo vijana wanaoleta mkaa Dar es Salaam kwa baiskeli kutoka pande za Kisarawe. Uzito unakuwa nyutoni 1,800, kazi ni jouli 900,000, na muda ni saa mbili na nusu.

Lakini muda si tatizo lake la kwanza. Katika mwinuko wa mita 6 kwa 100, baiskeli yenye mzigo huvutwa nyuma kwa kani ya nyutoni 108. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia za kubadili husogea karibu mita 5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwa hiyo kila mzunguko unadai jouli 540. Je, mpandaji anaweza kuzitoa? Akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote wa nyutoni 600, kila mguu hushuka sentimita 34, yaani miguu miwili sentimita 68. Zidisha: nyutoni 600 mara mita 0.68 ni jouli 408 tu. Pasipo kujikaza na kuvuta usukani kwa mikono, uzito wake wote hautoshi, na baiskeli itasimama.

Hivyo kijana anayeshuka na kuisukuma baiskeli yake mlimani asichekwe kuwa ni mvivu au dhaifu. Hesabu imemkataza kukaa juu. Akitembea, mita 5 zile zile huzipita kwa hatua saba au nane badala ya misukumo miwili ya pedali, na kila hatua hubeba sehemu ndogo ya kazi. Kusukuma kwa miguu ni gia yake.

Faida ya gia na mpaka wake

Gia hufanya kazi ile ile kwa mnyororo na magurudumu ya meno. Gurudumu la meno la nyuma likiwa kubwa, baiskeli husogea mita 2 tu kwa kila mzunguko. Mzigo ule ule wa nyutoni 108 sasa unadai jouli 216 kwa mzunguko, chini kabisa ya zile 408. Mpandaji anaweza kuendelea kukaa.

Hata hivyo gia haiumbi nishati. Kwa wati 100 baiskeli hiyo yenye mzigo haiwezi kwenda zaidi ya kilomita 3.3 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye polepole. Anayetazamia kwamba gia itamfanya apande mbio amekosea. Gia humwezesha kutumia nguvu alizonazo, basi.

Ndiyo maana wakimbizaji wa baiskeli hupunguza uzito kwa bidii kubwa. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475, kimo kinachokaribia kile cha Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari. Katika vilima kama vile, kila kilo iliyoachwa nyumbani ni kilo isiyoinuliwa mara kwa mara.

Hatari ya kuteremka

Nishati iliyowekwa katika kupanda haipotei. Kijana wa mkaa akiwa juu ya mlima wa mita 500, ana akiba ya jouli 900,000, na akishuka lazima akiba hiyo iende mahali fulani. Sehemu ndogo huchukuliwa na hewa na matairi. Inayobaki huwa ama mwendo, ama joto katika breki.

Akishuka kwa kilomita 18 kwa saa katika mteremko ule ule, breki zake hupokea zaidi ya wati 400 kwa karibu nusu saa mfululizo. Hilo ni kama kuziwekea ringi mbili joto la karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Raba za breki hulainika na kuliwa. Ringi ikipata moto kupita kiasi, mpira wa ndani waweza kupasuka. Mvua ikinyesha, maji huteleza kati ya raba na ringi ya chuma, na uwezo wa kusimama hupungua mno. Na akiachia mwendo ufike kilomita 36 kwa saa, nishati ya mwendo haiwi maradufu, bali mara nne.

Kwa hiyo sheria za kushuka ni chache, nazo zinaokoa maisha. Kagua raba zote mbili kabla ya kuanza, si katikati ya mteremko. Tumia breki zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje kuwa ndani yake. Simama kila baada ya muda ringi zipoe, na usiziguse kwa mkono. Mzigo ukiwa mzito na mteremko mkali, shuka utembee, kama ulivyofanya wakati wa kupanda.

Jaribio kwa msomaji

Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja, na chupa ya maji yenye pande sambamba, iliyozibwa ikabaki na povu moja la hewa. Ulaze ubao barabarani kufuata mteremko, pembeni na mbali na magari, na uilaze chupa juu yake. Inua ncha ya ubao iliyo upande wa chini hadi povu likae katikati ya chupa. Pima kwa rula nafasi iliyo kati ya ncha hiyo na barabara. Kila sentimita moja ni mwinuko wa mita 1 kwa 100.

Pima hivyo katika njia itokayo Sinza kwenda Mlimani, sehemu tatu au nne. Kisha jumlisha uzito wako, wa baiskeli na wa mzigo, ukokotoe jouli zinazodaiwa na kila mzunguko wa pedali. Linganisha na zile uwezazo kutoa kwa uzito wako. Hesabu hiyo itakuambia, kabla ya miguu kukuambia, ni wapi utapanda umekaa na ni wapi utashuka usukume.